Karatasi ya Fadhila

Asumini mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga babu yako, na bodaboda yenu haijamaliza hata kona ya msikiti, mimi nimeshakaa mezani na kalamu. Nina mchana huu mmoja tu. Ukirudi utanikuta nakunja nguo zako kama hakuna kilichotokea, na hutajua kitu mpaka kesho, basi likishaiacha Masasi, nitakapokutia bahasha hii mkononi.

Habari za ndoo, kufuli, sabuni za kipande na kutolala njaa kwa aibu nimekuchosha nazo wiki nzima. Juzi ulinijibu, "Mama, naenda kidato cha tano, siendi vitani." Nikacheka. Basi hayo yaishie hapo. Nataka kukuambia jambo nililolibeba tangu ulipokuwa kidato cha pili, darasani kwangu, dawati la pili kutoka dirishani, umekaa na Fadhila.

Nimeinuka kidogo. Nimekwenda jikoni kuangalia sufuria ambayo sikuiteleka. Leo kiti hakikaliki, nikikaa nasimama, nikisimama natamani kukaa.

Unaikumbuka mada ile: nchi baada ya uhuru, na watu kuhamishiwa kwenye vijiji vipya. Mwaka ule nilijiona mwalimu hodari. Nikasema wanafunzi wangu hawatakariri tena nukuu za ubaoni. Kila mmoja aende nyumbani, amuulize mzee wake, "Mlihamaje?" Aandike ukurasa mmoja kwenye karatasi ya mistari, alete Jumatatu. Kwenye kikao cha walimu nilisifiwa, nami nikazipokea zile sifa zote bila kubakiza. Kumbe nilichotaka ni wazee waseme kile ambacho mimi nakijua tayari.

Wewe ulitaka kwenda kwa babu. Nikakuzuia. Nilikuambia mgongo unamsumbua, aachwe apumzike, nitakusimulia mimi. Nikakuandikisha kama imla: babu yako alikuwa kijana wa mgambo, aliwaongoza watu kutoka vitongoji vyao wakiimba, ngoma mbele, wakaja kujenga kijiji kipya, wakapata shule, zahanati na bomba, watu waliokuwa wakishuka bondeni nusu siku nzima kutafuta ndoo moja ya maji. Mengi ya hayo ni kweli. Shule ilikuja, nimesoma mimi mwenyewe pale. Lakini ngoma niliitia mimi. Baba hakuwahi kunisimulia siku ile hata mara moja, na mimi pale palipokuwa kimya nikajaza.

Fadhila alikwenda kwa bibi yake, Bibi Somoe, aliyemlea. Karatasi yake niliisoma chumba cha walimu, saa ya mapumziko, wenzangu wakinywa chai na mihogo. Ninayo hapa mbele yangu. Nakunakilia, sitaki kuyageuza maneno yake mara ya pili:

"Bibi yangu anasema wao hawakuhama kwa kuimba. Mgambo walikuja korosho zimeanza kudondoka. Mume wake alikuwa amefariki na yeye alikuwa ndani ya eda, hata miezi miwili haijatimia. Akawaambia, mimi sitoki, niko eda. Walingoja mpaka jua likawa kali. Halafu mgambo mmoja akaingia. Akatoa kinu chake, akatoa mkeka wake, akamtoa na yeye, akachoma paa. Eda iliyobaki bibi aliimalizia chini ya mkorosho wa watu, watu wanapita wanamwona. Anasema mpaka leo hajui kama ile aliyokaa ilikuwa eda."

Chini ya hapo ameandika jina la yule mgambo. Ni jina la babu yako, Asumini. La kwake na la baba yake, lote kamili, kwa mwandiko mzuri kama wa mtoto anayejitahidi apate alama.

Unajua nilifanya nini? Sikulia, sikutoka nje. Nilichukua kalamu nyekundu nikapiga alama ya kosa kutoka kona hadi kona, nikaandika: "Hii si historia. Haya ni maneno ya mtaani. Rudia." Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote nikilikumbuka, jinsi mkono ulivyokuwa imara.

Darasani ulikuwepo, ila hukujua unachokiona. Fadhila alisimama.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Fungua kitabu chako. Umeona mahali pameandikwa habari za eda?"

Darasa likaangua kicheko. Nawe ulicheka, mwanangu, sikulaumu, mwalimu akitania wanafunzi hucheka.

"Lakini mwalimu, si ulisema tuwaulize bibi zetu?"

"Nilisema historia, Fadhila. Kaa chini."

Halafu nikasoma kazi yako kwa sauti, na ngoma yake na nyimbo zake, na nikawaambia wakupigie makofi. Fadhila naye alipiga. Nilimwona. Alikuwa amekaa ubavuni mwako, karatasi yake ameshaikunja mara nne ili usione jina lililoandikwa pale. Mtoto wa miaka kumi na mitano alikuwa anakusitiri wewe, wakati mimi mtu mzima nilikuwa najisitiri mwenyewe.

Baada ya kipindi nikaichukua karatasi ile, nikaifungia kwenye droo. Akaleta nyingine, ameinakili kutoka kitabuni neno kwa neno, nikampa kumi na nane juu ya ishirini. Wiki iliyofuata akahamia dawati la nyuma. Ukaja nyumbani unaniuliza, "Mama, nimemkosea nini Fadhila?" Nilikuwa nachambua mchicha. Sikuinua hata uso. Nikakuambia, "Wivu tu. Kazi yako imesomwa, yake haikusomwa."

Ukaniamini. Kwa nini usiniamini? Na neno hilo ukalipeleka shule, likaenea, mpaka kidato cha nne wakawa wanamwita Fadhila wa wivu. Mimi ndiye niliyelipanda hapa nyumbani, kwenye sinia la mchicha.

Nimesimamishwa kuandika. Mama Rehema, jirani yetu, amepiga hodi, kaleta korosho zilizobanguliwa uende nazo njiani. Kaniangalia akauliza mbona macho mekundu. Nikamwambia ni salfa, huko mashambani wanapuliza, na kaamini, maana mwezi huu Newala nzima ina macho mekundu. Ona, uongo unavyonijia upesi. Hata kufikiri sifikiri.

Sasa nikuambie kitu cha utotoni mwangu. Kila mwaka, kabla korosho hazijaanza kudondoka, baba alikuwa anafyeka na kufagia chini ya mikorosho yetu, kama kila mtu, ili zikidondoka zionekane. Akimaliza ananichukua, tunakwenda na mafagio mpaka kule kwenye mahame, palipokuwa na nyumba kabla ya watu kuhama, kumebaki vilima vidogo vya udongo na mikorosho tu. Huko tunafagia chini ya mikorosho mitatu. Siku moja, nadhani nilikuwa darasa la tatu, nikamwambia, "Baba, hii si yetu. Hii ya Bibi Somoe." Akasema, "Fagia." Nikamuuliza kama Bibi Somoe ametutuma. Akasema, "Nimekwambia ufagie." Watu walimtania kwamba anamtaka yule mjane. Alifagia mpaka mgongo ulipomshinda, na yule mama alikuwa akienda kuokota korosho zake anakuta pamefagiwa, na sijawahi kusikia hata siku moja wakizungumza zaidi ya salamu.

Kwa hiyo nilipoisoma karatasi, nusu yangu ilikuwa inajua. Jumamosi ile ile nilikwenda kwa baba. Nilimkuta kibarazani ananoa jembe. Sikumzungusha, nikamweleza yote.

Akaendelea kunoa. Halafu akauliza, "Kaandika na kinu?"

"Kaandika."

"Mtoto kasema kweli."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, kama naye ni mwanafunzi wangu. Akaniambia, "Nilimwomba mkubwa wetu tumwache yule mama siku zake ziishe. Akaniuliza, wewe ni mgambo au shekhe? Wenzangu wakacheka. Nilikuwa kijana. Nikaogopa kuchekwa, nikatoa kiberiti." Akaweka jembe chini. "Yetu niliichoma ya kwanza kabisa, nyumba ya mama yangu mimi. Hiyo hainiumi. Inaniuma ile moja." Kisha akaniangalia. "Mpe mtoto alama zake."

Nikamjibu, "Nitampa."

Sikumpa. Hilo ndilo kosa lenyewe, Asumini, usilichanganye na lile la kwanza. La kwanza lilinijia ghafla, ningeweza kulisingizia mshtuko. Lakini kuanzia Jumamosi ile nilikuwa najua, baba mwenyewe amekiri, na ufunguo wa droo uko kwenye pochi yangu. Nikasema nitalisema muhula ujao. Nikaogopa chumba cha walimu. Nikaogopa sokoni, watu waseme yule mwalimu wa historia ndiye mtoto wa mchoma nyumba. Nikakuogopa wewe. Baba aliupata ule woga wakati amezungukwa na wanaume wenye bunduki, mimi niliupata wakati nimezungukwa na chai na mihogo.

Halafu baba yako akafariki.

Unakijua chumba kile cha nyuma, wewe ndiye uliyekuwa unaniletea chakula. Miezi minne na siku kumi. Ninyi mlidhani nalia kwa ajili ya baba yako tu. Nililia kwa ajili yake, Mungu anajua, lakini kuna siku nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nasikia watu wanapita nje, nasikia pikipiki, nasikia watoto wanatoka shule, na zile kuta nne na lile paa nikaviona ni kama mikono ya mtu imenishika nisianguke. Nikajiuliza, mtu akiingia sasa hivi, akashika mkeka huu, akaniambia toka? Hapo ndipo nilipoielewa karatasi. Nilikuwa nimefundisha mada ile miaka mingi, nimeitungia maswali ya mtihani, na nilikuwa sijaielewa.

Akaja Bibi Somoe. Hili hukuliona, ulikuwa shule. Alikuja kwa mkongojo kutoka kwake, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Pole, mwanangu."

Alikaa ukutani, kanyoosha miguu. Akauliza kama nakula. Akauliza kama wewe unasoma. Hatukusema mengi. Aliponyanyuka kuondoka, akasimama pale mlangoni, akaniambia, "Kaa. Kaa mpaka siku zako ziishe. Hapa hapana wa kukutoa."

Sikujua kama anaijua habari ya karatasi, na mpaka leo sijui. Labda Fadhila alimwambia, labda alimficha kama alivyokuficha wewe. Alikuja mara nne kwenye eda yangu, na mara zote nne nilikuwa na maneno mdomoni, na mara zote nne nikamuuliza habari za miguu yake. Amefariki kabla ya msimu wa korosho uliopita. Nilikwenda mazikoni. Fadhila akaja kunipokea, kajifunga kanga, "Shikamoo, mwalimu." Nikasema marahaba, nikapita kwenda kukaa na wanawake wenzangu. Mpaka leo naisikia ile marahaba yangu.

Nimezunguka nyumba mara mbili, nimemfukuza kuku asiyekuwa na kosa. Narudi.

Fadhila hakufaulu vizuri, unajua. Somo alilofanya vibaya kuliko yote ni historia. Siwezi kujisingizia kwamba mimi ndiye niliyeyaharibu maisha yake, kuna mengi kwao, na hiyo nayo ingekuwa kujikweza. Najua tu kwamba kabla ya siku ile alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono, na baada ya siku ile hakuunyoosha tena kwangu, miaka miwili na zaidi. Sasa yuko Nanganga kwa mama yake mdogo, wanauza chakula hapo barabarani mabasi yanaposimama. Ming'oko ya kuchemsha, mayai, chai. Wewe ulisikia ukasema "Maskini," halafu ukasema, "Labda wivu wake umeisha." Nilikuwa naosha vyombo. Kikombe kiliniponyoka, ukanicheka.

Siku hiyo ndiyo niliyoamua. Wiki iliyopita nilikwenda kumwambia baba kwamba nakwenda Nanganga. Akasema, "Ningekuja, mgongo hauniruhusu. Mimi nimechelewa, wewe usichelewe." Nikamuuliza, Fadhila akiniruhusu, naweza kuisoma karatasi yake mbele ya darasa langu la sasa, maana mwezi huu tunaifikia mada ile? Akasema, "Jina langu usilirukeruke." Leo sijui atakuambia nini huko uliko. Yawezekana unarudi ukiwa unajua zaidi yangu. Yawezekana amekupa kuku tu na dua.

Usimchukie babu yako. Simwombei kwa sababu ni baba yangu. Nakuomba kwa sababu utakwenda kuisoma historia huko, miaka miwili, pengine maisha yako yote, na utakutana na vitabu vyenye ngoma kama niliyoitia mimi, na vingine vyenye moto mtupu kana kwamba bomba halikuja na shule haikuja. Babu yako alichoma nyumba ya mjane na alifagia chini ya mikorosho yake karibu miaka arobaini. Mimi nimeshindwa kuyaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Ukiweza wewe, nitafurahi. Usipoweza, usimpigie mwenzako alama ya kosa kwa sababu ameweza.

Jana nilitaka kuirekebisha ile karatasi. Nikaandika chini yake ishirini juu ya ishirini, nikaiangalia, nikaona utoto, nikazikata. Sasa imezidi kuchafuka. Nitampa hivyo hivyo ilivyo, na kosa langu juu yake. Hotuba pia nimeandaa tatu, zote nimezichana. Ya mwisho ilikuwa na neno "mazingira" mara mbili. Ukisikia mtu anaomba radhi kwa neno mazingira, ujue hajaomba.

Huenda asitake kunisikiliza, na ni haki yake. Huenda akaniuzia ming'oko, akaniambia, "Karibu tena, mwalimu," basi. Lile darasa lililocheka siwezi kulikusanya tena, mmoja yuko Mtwara, mwingine machimboni, mwingine ndiyo wewe. Nitapanda gari la kurudi na mikono mitupu, na Jumatatu nitasimama mbele ya kidato cha pili bila karatasi, niwaambie nilichofanya. Hilo halihitaji ruhusa ya mtu.

Ulipoona tiketi yangu imeandikwa Nanganga ulinicheka, "Mama, una shughuli gani Nanganga?" Nikakuambia nakwenda kumwona mtu. Ni neno la kweli la kwanza kukuambia kuhusu jambo hili.

Sasa nisikilize vizuri, maana najijua. Wewe husoma taratibu, kwa hiyo ukifika hapa tumeshakaribia. Basi litapunguza mwendo, wauzaji watakimbilia madirishani na masinia, na mimi nitaanza kutafuta sababu. Nitasema jua kali. Nitasema ana wateja wengi, nisimwaibishe mbele za watu. Nitasema afadhali nikusindikize mpaka mbele kidogo, una mizigo mingi. Ukinisikia naanza hivyo, usinionee haya kwa kuwa ni mama yako. Nishike mkono uniambie, "Mama, shuka."

Na kama kiti changu kimeshabaki wazi, weka begi lako hapo, fungua dirisha, uangalie ng'ambo ya barabara. Uliniuliza siku ile umemkosea nini Fadhila, nami nikakujibu uongo. Jibu lako ni yule mwanamke anayevuka barabara na karatasi mkononi. Mpungie rafiki yako.

Mama yako